Ajali Ina Kinga, na Kinga Huanza Mezani kwa Mhandisi

Hakuna msafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia asiyelijua jina la Ipogolo. Ni pale bondeni, chini ya mji wa Iringa, karibu na Mto Ruaha Mdogo, ambapo barabara ya kupanda mjini huachana na barabara kuu. Usiku na mchana malori hupita hapo yakielekea Tunduma, na mengine yakirudi bandarini. Hapo hapo pana maduka, vibanda vya chakula, vijana wa bodaboda wanaongoja abiria, akina mama wenye nyanya na vitunguu, na asubuhi watoto wa shule waliovaa sare wakisubiri nafasi ya kuvuka. Mtoto hutazama kushoto, hutazama kulia, kisha hukimbia. Mwalimu amemfundisha hivyo. Lakini lori lenye tela linalokuja kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja, na hakuna somo la darasani linaloweza kumfanya mtoto wa miaka minane akadirie mwendo huo sawasawa.

Kila inapotokea ajali katika barabara hii, wananchi husikia sauti mbili. Ya kwanza husema kwamba madereva wetu ni wazembe, na kwamba askari wa usalama barabarani waongezwe, faini zipandishwe, leseni zifutwe na wakosaji wafungwe. Ya pili husema kwamba barabara yenyewe ni mbaya, na kwamba ijengwe upya ndipo maisha ya watu yatakapokuwa salama. Kisha hufuata sauti ya tatu, ambayo ni ya hatari kuliko zote mbili. Hiyo husema kwa upole msibani kwamba ajali haina kinga.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba ajali inayo kinga, kwamba sheria na ujenzi vyote ni sehemu ya kinga hiyo, lakini kwamba katika nchi yetu tumezoea kuanza na sheria na kumaliza na sheria, ilhali kazi kubwa zaidi ingefanywa na ramani ya mhandisi kabla askari hajaamka asubuhi.

BARABARA ILIJENGWA KWA AJILI YA NANI?

Yafaa tukumbuke historia ya barabara hii. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wa bandia, na Zambia ikajikuta imebanwa. Mafuta yake, ambayo yalikuwa yakipitia kusini, ilibidi yapitie Dar es Salaam. Malori yaliyobeba mapipa yalipita Morogoro, Iringa na Mbeya juu ya udongo na vumbi, na wakati wa masika juu ya tope. Magari mengi yalipotea njiani hata madereva wa siku hizo wakaifananisha njia hiyo na jehanamu. Ndipo ujenzi wa lami ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada na mikopo kutoka Marekani na Benki ya Dunia, ukakamilika mapema katika miaka ya 1970. Ilikuwa kazi ya heshima, na sehemu ya mchango wa Taifa letu katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika.

Lakini tuangalie kilichokuwa katika fikra za waliochora barabara ile. Walichora njia ya mizigo. Waliwaza juu ya lori litokalo bandarini na kufika mpakani. Hawakuwaza juu ya mtoto anayevuka kwenda shule, kwa sababu katika sehemu nyingi mtoto huyo hakuwapo. Watu waliishi kwa kutawanyika, mbali na lami.

Baadaye watu walikuja. Wakati wa Operesheni Vijiji, ambayo katika Mkoa wa Iringa ilifanyika mwaka 1974, vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara ili shule, zahanati, maji na maduka yafike kwa urahisi. Wengine walikuja kwa hiari yao kufuata biashara, kwani penye lori lililosimama pana mnunuzi wa chai na wali. Hivyo barabara iliyochorwa kwa ajili ya mizigo iligeuka kuwa mtaa mkuu wa vijiji na miji midogo, nayo haikubadilishwa sura. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilipofunguliwa mwaka 1976, ilitarajiwa kuchukua mzigo mzito. Hata hivyo, leo sehemu kubwa ya shehena ya Zambia na ya Kongo hupita kwa malori, mbele ya milango ya watu.

Kwa hiyo mtu anaposema kwamba tatizo la Ipogolo ni utovu wa nidhamu, hana budi kujibu swali hili: ni nidhamu gani itakayouweka mtaa wa watu na njia ya malori mahali pamoja, bila chochote kati yao, kisha pasiwe na vifo?

SHERIA IMEFANYA NINI?

Haifai kuidharau sheria. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa magari makubwa na yale ya abiria. Askari wanazo tochi za kupimia mwendo, na kila msafiri ameona jinsi dereva wa basi anavyopunguza mwendo anapoona shati jeupe chini ya mwembe. Lakini kila msafiri ameona pia kinachofuata. Mita mia tano baada ya ule mwembe mwendo hurudi ulivyokuwa, na magari yanayokuja upande wa pili hupewa ishara ya taa ili yajue kwamba askari yuko mbele. Dereva wa namna hiyo hajajifunza kupunguza mwendo kijijini. Amejifunza mahali askari wanaposimama.

Jirani zetu wa Kenya walitoa mfano mzuri. Mwezi wa Februari 2004, chini ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki, sheria kali zilianza kutumika kwa matatu na mabasi: vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mikanda ya viti, na idadi kamili ya abiria. Nidhamu ilionekana mara moja, na wananchi waliishangilia. Lakini miaka ilipopita na macho ya wakuu yalipogeukia mambo mengine, msongamano na mwendo wa kasi vilirudi kidogo kidogo. Fundisho lake ni kwamba amri huishi kwa muda ule ule anaoishi mtu anayeisimamia kwa bidii.

Sisi wenyewe tunao mfano mwingine. Kwa muda wa karibu miaka 30 mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kucha, mpaka zuio hilo lilipoondolewa mwaka 2023. Zuio lile lilikuwa na sababu zake, na bila shaka lilinusuru watu. Lakini tulizame kidogo. Kwa miaka 30 tulikiri kwamba barabara zetu gizani haziaminiki, na dawa tuliyoichagua ilikuwa kumwondoa abiria barabarani. Hatukuchagua kuiwekea barabara michoro inayong'aa, mabega imara na taa katika makutano. Malori yaliendelea kupita usiku, na watembea kwa miguu waliendelea kuvuka usiku.

MIFANO MIWILI YA NYANDA ZA JUU KUSINI

Tarehe 11 Machi 2015, mahali paitwapo Changarawe karibu na Mafinga, kontena lililokuwa juu ya lori liliangukia basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Taarifa za wakati ule zilitaja shimo barabarani ambalo dereva alikuwa akilikwepa. Hapa pana maswali mawili. La kwanza ni la mhandisi: kwa nini palikuwa na shimo katika barabara kuu inayobeba mizigo ya nchi tatu? La pili ni la mkaguzi: je, makontena yapitayo njia hii hufungwa kwa vifungo vyake kabla ya safari? Askari mwenye tochi ya mwendo hakuwa na jibu la swali lolote kati ya hayo.

Mfano wa pili ni mteremko wa Iwambi, kati ya Jiji la Mbeya na Mbalizi. Mwanzoni mwa Julai 2018 lori liliacha kushika breki na kugonga magari ya abiria, wakafa watu wapatao 20. Nchi nzima ilihuzunika, viongozi walitoa maagizo mazito, na operesheni za ukaguzi zilifanyika. Mwezi wa Juni 2025, katika mlima ule ule, lori jingine liliacha kushika breki, na waliokufa walizidi 25. Kati ya tarehe hizo mbili askari waliendelea kufanya kazi, faini ziliendelea kutozwa na madereva waliendelea kuonywa. Mlima ulibaki mlima. Ni jambo la kheri kwamba kazi ya kuipanua barabara kuu ya Mbeya kuwa ya njia nne imekwisha kuanzishwa, na wananchi wanangojea kwa hamu iwapatie magari mazito njia yao katika miteremko.

Yafaa tuelewe kinachotokea pale. Lori la tani 50 linaposhuka mlima mrefu kwa kutegemea breki za miguu, breki hupata moto mkubwa hata hukosa nguvu ya kushika. Dereva mwenye mafunzo hushuka kwa gia nzito ile ile ambayo angepandia, ili injini ndiyo izuie lori. Dereva anayetaka kuokoa mafuta huondoa gia na kuliacha lori litelemke lenyewe. Sheria inaweza kumwadhibu huyu wa pili, kama atakuwa hai. Lakini nchi nyingi zenye milima huongeza jambo moja zaidi: hujenga, pembeni mwa mteremko, njia fupi inayopanda na kujazwa kokoto nyingi, ili lori lililoshindikana liingie humo na kuzama mpaka lisimame. Njia hiyo haimwulizi dereva kama ana leseni. Humwokoa mzembe, na pamoja naye huwaokoa wasio na hatia walio chini ya mlima.

Kenya walikuwa na mteremko kama huo mahali paitwapo Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Kwa miaka mingi polisi walikesha pale, na watu waliendelea kufa. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017 walikufa watu 36 kwa mara moja. Mwaka uliofuata ukajengwa ukuta wa zege wa kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka, na migongano ya uso kwa uso, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiua wengi, ikapungua sana. Lakini tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori liliacha njia na kuingia katikati ya wafanyabiashara waliokuwa kando ya barabara, wakafa watu zaidi ya 50. Ukuta ulikuwa umetibu ugonjwa mmoja. Ugonjwa wa soko lililo begani mwa barabara kuu ulikuwa bado, nao ndio huo huo tulio nao Ipogolo.

UJENZI SI LAMI TU

Hapa ni lazima niwaonye wanaounga mkono hoja yangu kwa haraka. Ujenzi mzuri si kuongeza upana na ulaini wa lami. Barabara pana na laini inayopita katikati ya kijiji bila kitu cha kuzuia mwendo ni mwaliko wa kifo, kwani dereva huendesha kwa mwendo ambao macho yake yanamwambia kuwa unawezekana, wala si ule ulioandikwa kwenye kibao. Wataalamu wamekadiria kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, ajali za kuua huongezeka kwa takriban asilimia 4. Kuondoa mashimo pasipo kupanga mwendo ni kubadilisha aina moja ya msiba kwa nyingine.

Ninachokisema ni barabara inayomwambia dereva, kwa umbo lake, kwamba sasa ameingia mahali pa watu: rasta za kumwamsha, tuta lililopakwa rangi na kutanguliwa na kibao, njia iliyopunguzwa upana, kisiwa katikati ili mama mwenye mzigo avuke nusu kwanza, njia ya waendao kwa miguu, na kituo cha mabasi kilichoingia ndani. Katika nchi ya Ghana, kwenye makutano ya Suhum katika barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, ziliwekwa rasta tu. Ajali zilipungua kwa takriban asilimia 35, na vifo kwa takriban asilimia 55. Ghana si nchi tajiri, na rasta si kazi ya mabilioni.

Wapo watakaosema kwamba matuta yanaharibu magari na kuchelewesha mizigo. Hoja hii ina ukweli kwa matuta yaliyojengwa ovyo, yasiyo na rangi wala kibao, ambayo dereva hukutana nayo gizani. Hayo yenyewe yamesababisha ajali. Lakini kosa la fundi si kosa la fani. Na kuhusu ucheleweshaji, lori litokalo Dar es Salaam limekwisha kusafiri karibu kilomita 500 kabla ya kufika Iringa. Likipoteza dakika mbili Ipogolo, Zambia haitafunga viwanda vyake.

SEHEMU YA SHERIA

Je, basi, sheria haina kazi? Inayo, na ni kazi ambayo barabara haiwezi kuifanya. Barabara haiwezi kunusa pombe. Haiwezi kujua kwamba dereva hajalala tangu jana, au kwamba breki zimekwisha. Mambo hayo yanahitaji mkaguzi mwaminifu, naye akague gari kabla ya safari, si baada ya mazishi.

Aidha, sheria ndiyo mlinzi wa barabara yenyewe. Chukua mizani, kama ile ya Wenda. Uzito wa mwisho unaoruhusiwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na kila ekseli ina ukomo wake. Wahandisi hukadiria kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake ni kwamba ekseli iliyozidishwa kwa asilimia 20 huiumiza lami takriban mara mbili ya ile iliyo halali. Mtumishi wa mizani anayefumba macho leo ndiye anayechimba shimo la kesho, na shimo hilo ndilo litakalokwepwa na dereva mwingine mbele ya basi lililojaa watu.

Kwa hiyo swali la kipi ni bora, ujenzi au sheria, lijibiwe kwa kupanga zamu. Kwanza barabara ipangwe ili kosa la binadamu lisiwe hukumu ya kifo. Bunge la Sweden lilikubali msingi huu mwaka 1997: binadamu atakosea siku zote, na ni wajibu wa waundao barabara kuhakikisha kosa hilo halimwui mtu. Pili, sheria ishughulike na yale ambayo umbo la barabara haliwezi kuyazuia. Tukianza na la pili na kuliacha la kwanza, tutakuwa tumewaweka askari wasimame mahali pa ukuta ambao haukujengwa.

WAJIBU WETU

Wengi wanaosoma ukurasa huu ni watumishi wa umma na walimu. Tusidhani kwamba jambo hili ni la mhandisi na polisi peke yao. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande. Ni nani anayetoa vibali vya vibanda ndani ya mita hizo? Ni nani anayepokea ushuru kutoka kwa mama anayeuza nyanya mahali ambapo lori linaweza kumfikia? Kumfukuza mama yule bila kumpa mahali pengine penye wateja si usalama, bali ni uonevu, naye atarudi kesho. Kumpangia soko lenye nafasi, lililo mbali na bega la barabara na lenye njia ya kufikia, ni kazi ya ofisi zetu. Ofisa mipango miji anayechora viwanja, ofisa elimu anayechagua mahali pa shule mpya, na mtendaji wa kata anayeandika taarifa ya mwezi, wote wanaandika hatima ya watu barabarani, hata kama hawajui.

Mwalimu naye ana nguvu ambayo huenda hajaitumia. Anajua ni watoto wangapi wanaovuka, saa ngapi na mahali gani. Akihesabu kwa wiki moja pamoja na wanafunzi wake, na hesabu hiyo ikapelekwa kwa maandishi kwa mhandisi wa mkoa kupitia halmashauri, kilio kitakuwa kimegeuka hoja. Mhandisi anaweza kukikataa kilio akisema hakimo katika bajeti. Ni vigumu zaidi kuukataa ukurasa wenye tarehe, saa na idadi ya watoto, ambao nakala yake imewekwa katika jalada.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, nazo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Hao ndio wanafunzi wetu, na hao ndio watumishi wa kesho. Taifa linalomsomesha kijana kwa miaka kumi na mitano kisha likamwacha avuke barabara kwa kubahatisha, linajipotezea rasilimali yake kwa mkono wake.

Asubuhi ya kesho watoto wa Ipogolo watasimama tena ukingoni mwa lami. Watatazama kushoto, watatazama kulia. Wao wametimiza yote waliyofundishwa. Tukiwawekea kivuko kilichoinuliwa, rasta pande zote mbili na kisiwa cha kupumzikia katikati, hata dereva aliyelewa usingizi ataamshwa na barabara kabla hajawafikia. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kumwita askari aje ashughulike na yule mmoja atakayebaki mkaidi.